Mkate wa Kunuswa

Bi Stoo hakuwa mmbea. Mmbea akishajua jambo hakosi kuwashwa na ulimi mpaka alifikishe kwa mwingine, lakini Bi Stoo akishajua aliridhika, akalala fofofo. Tabu yake ilikuwa kabla ya kujua. Jirani akinunua pazia jipya, alitaka kujua la zamani limekwenda wapi. Mtu akipita barabarani amevaa kiatu kimoja, Bi Stoo angeweza kumfuata hadi kona ya tatu na mfuko wa nyanya mkononi, si kwa ubaya, ila kwa sababu kiatu cha pili lazima kiwe mahali fulani.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza stoo ya dawa ya hospitali, chumba kisicho na dirisha chenye rafu mpaka darini, na katika miaka hiyo yote hakikutoka kidonge bila yeye kujua kinakwenda kwenye mdomo wa nani. Alipostaafu walimpa keki na saa ya ukutani. Keki iliisha siku hiyohiyo. Saa aliitundika sebuleni, na baada ya wiki mbili za kuitazama aliona kwamba akiendelea hivyo atapata kichaa.

Aliyemwokoa ni mdogo wake, fundi cherehani. Walikuwa wakiishi nyumba moja tangu wote wawili walipobaki bila waume, mmoja kwa kifo na mwingine kwa bahati nzuri, kama Fundi mwenyewe alivyopenda kusema. Fundi alikuwa na oveni kubwa aliyoinunua enzi za ujana, alipodhani atatajirika kwa keki za harusi. Siku moja walioka mikate mingi kuliko matumbo mawili, akasema, "Dada, hii tuwapelekee watu, isije ikaota ukungu hapa." Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumatano mikate minane: minne kwa darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, minne Nyumba ya Mapumziko.

Nyumba ya Mapumziko ilikuwa jengo lenye paa jekundu nyuma ya karakana ya mbao. Waliletwa humo wagonjwa ambao hospitali imewaambia jamaa zao, kwa upole, kwamba haina la kuongeza. Kazi ya mle ndani haikuwa kuponya. Ilikuwa kuhakikisha mtu haumii, ni msafi, na hayuko peke yake.

Fundi angeigawa hiyo mikate akasahau. Bi Stoo alitengeneza fomu. Ilikuwa na sehemu ya tarehe, ya mikate iliyopokelewa, ya idadi ya waliokula, na mistari mitatu ya maoni. Fundi aliisoma akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, watu unawapa mkate au unawapa mtihani?"

"Nataka kujua tu umeliwa na nani."

"Umeliwa na mwenye njaa. Andika hapo, ufunge faili."

Darasa la watu wazima walizijaza fomu kwa bidii ya watu wanaofurahia kujua kuandika. "Wiki hii chumvi ilizidi." "Mzee wa dawati la nyuma amekula vipande vitatu, tunaomba aonywe." "Mkate mmoja ulikuwa na shimo katikati, shimo nalo tumelila." Bi Stoo alizisoma zote mara mbili, akapunguza chumvi, akajifunza kukanda vizuri zaidi ili mashimo yaishe.

Fomu za Nyumba ya Mapumziko, zilizosainiwa na muuguzi mkuu, zilikuwa na neno lile lile kila wiki. Waliokula: kumi na wanane. Maoni: wameufurahia sana. Miezi minne, kumi na wanane, wameufurahia sana. Hapakuwa na wiki ambayo mtu mmoja hakujisikia vizuri akaacha, wala wiki ambayo mkate uliungua chini, na Bi Stoo alijua fika kwamba mara mbili uliungua. Katika stoo alizoea hivi: wodi inayolalamika ina watu, wodi isiyolalamika kamwe ina jambo.

Tena walikuwapo waliokuwa wakingoja. Wafuma vikapu wasioona, wenye karakana yao karibu na ofisi ya maji, walikuwa wametuma ujumbe mara mbili kuuliza kama na wao wangeweza kupata mikate. Oveni ilijaa kwa minane. Kumpa mmoja ilikuwa lazima kumnyima mwingine, na swali la nani anyimwe lilimkaa Bi Stoo kooni.

Kawaida kikapu kilipokelewa getini na mlinzi. Jumatano moja getini hapakuwa na mtu. Bi Stoo akabisha hodi, akangoja, akabisha tena, kisha miguu ikaingia yenyewe. Ukumbi ulikuwa mrefu, umepigwa deki, na vyumba vya upande mmoja vilikuwa wazi. Hakukusudia kuhesabu. Lakini mtu aliyehesabu chupa maisha yake yote hawezi kupita mbele ya vitu vilivyopangwa safu akaviacha hivihivi, na alipofika mwisho wa ukumbi jibu alikuwa nalo: vitanda kumi na kimoja, viwili vitupu. Watu tisa.

Mhudumu mmoja akamtokea, akakipokea kikapu haraka haraka, akamshukuru, akamsindikiza mpaka nje kama mtu anayefukuza kuku kwa adabu. Bi Stoo alitembea hadi kwenye kona, na hapo hesabu ikamgomea, akasimama karibu nusu saa. Tisa na kumi na wanane. Akazunguka kwa nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye kamba za nguo, na dobi hujua nyumba ina watu wangapi kuliko hata daktari.

Hakuhitaji kuuliza chochote. Chini ya kibanda cha kuanikia mashuka walikaa mlinzi, dobi na mpishi wa uji, kila mmoja na kikombe cha chai, na katikati yao, juu ya gazeti, mkate wake umebaki nusu.

"Karibu, Mama," alisema mlinzi, mdomo umejaa.

"Mkate mzuri?"

"Wa leo mzuri mno. Ule wa wiki iliyopita uliwahi kutoka kidogo, lakini huu hapana, huu umeiva."

"Na wagonjwa?"

Mlinzi akamtazama dobi. Dobi akaitazama chai yake.

"Wagonjwa wao wameshamaliza," mlinzi akasema.

"Kwa nusu saa?"

"Huwa hawachukui muda, Mama."

Alipofika nyumbani Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na hakuinua kichwa mpaka kisa kilipokwisha.

"Waache wale, nao wana matumbo," akasema.

"Wale wana mishahara. Mkate ule ni wa wagonjwa. Na huyo muuguzi mkuu ananisainia kila wiki kwamba watu kumi na wanane wamekula, kwenye nyumba yenye watu tisa. Hao tisa wengine ni mizimu?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumatano ijayo siachi kikapu mpaka nione kwa macho yangu. Wasipoula, unakwenda kwa wafuma vikapu. Basi."

Wiki ile ilimwendea polepole. Akipanga vyombo alijikuta anajumlisha. Tisa mara mbili ni kumi na nane, hilo alilijua hata akiwa usingizini, lakini kila mtu kula mara mbili kwa nusu saa, wagonjwa waliolala chali, haikuingia akilini. Alifikiria wageni, akafikiria wauguzi wa zamu mbili, akafikiria wizi, na hilo la wizi lilimuuma kiasi kwamba alitamani lisiwe lenyewe.

Jumatano akaenda moja kwa moja mpaka ofisi ya muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, akaketi na kikapu mapajani.

"Mwanangu, leo nataka kuwaona wakila."

Muuguzi mkuu alifunga faili lililokuwa mbele yake, akalifungua, akalifunga tena.

"Hawali, Mama."

"Hawali leo?"

"Hawajawahi kula. Wanne wanalishwa kwa mpira. Watatu wanameza uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, na siku nyingine huo nao unawashinda. Waliobaki wakipewa kipande wanakishika tu mkononi."

"Na kumi na wanane?"

"Wafanyakazi ni tisa," alisema muuguzi, macho yakiwa mezani. "Tisa wanakula, tisa wananusa. Nilijumlisha. Fomu yako haina sehemu ya kunusa."

Bi Stoo alikishusha kikapu sakafuni. Kati ya majibu yote aliyojipangia kwa wiki nzima, hilo halikuwapo.

"Ungeandika kwenye maoni," akasema hatimaye.

"Ningeandika kwamba mkate wako unanuswa halafu unaliwa na mlinzi? Ungeendelea kuuleta?"

Swali lilikuwa la haki, na Bi Stoo, ambaye alikuwa na ila nyingi lakini si ya uongo, hakulijibu. Badala yake akauliza, "Wananusaje?"

"Njoo uone."

Muuguzi mkuu alichukua mkate wa kwanza, akasimama mlangoni mwa chumba cha kwanza, na hapo ndipo akaubandua utepe. Bi Stoo mwenyewe ndiye aliyekuwa akibandika utepe huo, wenye tarehe na saa, kwenye mfuko wa nailoni aliouminya usibaki hewa hata kidogo, maana stoo haikutoa kitu kilicho wazi. Muuguzi aliufungua mfuko chini ya pua ya mwanamke mkongwe aliyekuwa mwalimu. Mwanamke akafumba macho. Akavuta pumzi moja ndefu, akaishikilia kama mtu anayeogopa kuimwaga, na alipoiachia uso wake ulikuwa umelegea.

"Asante," mwalimu akasema. "Sasa mpelekeeni jirani kabla haijaisha."

Kitanda cha pili walipata kidogo. Cha tatu walipata kwa kubahatisha. Baada ya hapo mkate ulikuwa umenyamaza, ikabidi kufungua mwingine. Mikate minne, pua tisa, na kila mkate ulitosha pua mbili au tatu. Bi Stoo alifuata nyuma akitazama nyuso, na hasira aliyokuja nayo hakujua ameiangusha kwenye chumba gani.

Chumba cha mwisho alilala mzee mrefu ambaye kitanda kilimpungukia miguuni. Pembeni yake alikaa mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya posta, mkoba bado begani.

"Huyu ni Mzee Tanuri," alisema muuguzi mkuu. "Na huyu binti yake, anakuja kila siku saa ya chakula cha mchana."

"Ndiye mama wa mkate?" Binti alisimama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona Tanuri?"

"Alikuwa na bekari. Miaka arobaini na saba. Mimi nimekulia chini ya meza ya kukandia."

Muuguzi aliubandua utepe wa mkate wa nne, akausogeza. Pua ya mzee ikacheza. Kisha vidole vyake, vipana, kucha zimekatwa vizuri, vikaanza kulisukuma shuka mbele na kulivuta nyuma, mbele na nyuma, kazi ambayo Bi Stoo angeitambua popote. Mzee alikuwa anakanda. Ilidumu kwa muda wa kuhesabu kumi. Halafu harufu ikaisha, na mikono ikalala.

"Wiki ya sita hii hajasema neno," binti akasema. "Daktari anasema anasikia na akili anayo, ila hana sababu ya kusema. Namsimulia ya posta, nani kaja, nani kagombana na nani kwenye foleni. Namsomea gazeti. Kimya. Jumatano tu ndiyo namwona hivi." Alirekebisha shuka lililovutwa. "Sitaki makubwa, Mama. Wameniambia wiki mbili, labda tatu. Nataka aniambie neno moja, lolote, nijue kwamba alikuwa hapa na mimi."

Bi Stoo aliona huruma, akaiona ikimjaa kifuani, lakini juu ya huruma lilikuwa limekaa swali, na swali ndilo lililotoka kwanza.

"Ukiwa wa moto je?"

"Nini, Mama?"

"Mkate. Mimi nauoka alfajiri, naupoza saa mbili nzima ndiyo naufunga. Ukifungwa wa moto unatoka jasho, unalowa. Kwa hiyo mnachonusa hapa ni mabaki tu ya harufu. Harufu yenyewe tunaimaliza mimi na mdogo wangu jikoni, na majirani." Alimgeukia muuguzi. "Hapa hamna oveni?"

"Ipo. Tunawekea sufuria."

Fundi aliposikia mpango huo aliweka mkasi chini.

"Kwa hiyo sasa tunaokea pua."

"Tunaokea pua."

"Na wale wafuma vikapu, wenye meno na matumbo yao, waendelee kungoja?"

Hapo Bi Stoo alikwama, na alikwama kweli. Alitembea kutoka dirishani mpaka kwenye kabati mara tatu. Fundi alimwacha ateseke kidogo, kisha akasema, "Dada, harufu ikishatoka, mkate si unabaki? Wapelekee wao." Bi Stoo aliudhika kwa muda wa kutosha kuonyesha kwamba alikuwa karibu kulifikia wazo hilo mwenyewe.

Ikapangwa hivyo. Wafuma vikapu walitumiwa ujumbe kwamba Jumatano saa nane mchana watapata mikate minne ya moto, nao wakajibu kwamba watanunua siagi kabisa. Mlinzi wa Nyumba ya Mapumziko, alipopewa habari hizo, alinyamaza kama mtu aliyefiwa.

Jumatatu Bi Stoo alikwenda kuikagua oveni. Walitoa sufuria kumi na nne, kifuniko kisicho na mwenyewe, na betri ya redio. Kioo cha mlango kilikuwa cheusi kwa moshi wa miaka, hakipitishi hata mwanga, na kila alichokisugulia hakikufua dafu. Lakini moto uliwaka, na joto lilikaa. Jikoni kulitazamana na ukumbi, mlango kwa mlango. Mbele yake palikuwa na nafasi ya kutosha kitanda kimoja.

Jumatano walikanda nyumbani, wakalibeba donge kwenye beseni, limefunikwa kitambaa na blanketi la zamani juu yake. Fundi alilipakata kwenye teksi kama mtoto mgonjwa na hakukubali dereva afungue dirisha. Lilipofika lilikuwa limeumuka mpaka linasukuma kitambaa. Waliligawa katika vyombo vinne, wakaliacha liumuke tena, na saa sita na nusu Bi Stoo akavisukuma vyombo ndani ya oveni.

Milango yote ya vyumba ilikuwa imeegeshwa kwa matofali. Madirisha yalifungwa. Kitanda cha Mzee Tanuri kilikuwa kimesukumwa mpaka mbele ya jikoni, hatua nne kutoka kwenye oveni, na binti yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akaja bila sare. Alikuwa amesuka nywele upya. Alikaa kwenye stuli, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono miwili.

Kwanza hapakuwa na kitu, ila harufu ya sabuni ya deki. Kisha kikaja kitu chepesi, kama cha unga uliopata joto. Bi Stoo, aliyekuwa amesimama katikati ya mlango asijue atazame ndani au nje, aliona jinsi kilivyotembea ukumbini kutoka chumba hadi chumba. Mhudumu aliyekuwa akikunja taulo akasimama. Mwanamume wa chumba cha tatu, ambaye kwa siku nyingi alikuwa amelalia upande wa ukutani, aligeuka. Mwalimu aliuliza kwa sauti dhaifu kama leo wamekuja na mikate mingapi, maana hii haiishi. Muuguzi mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, mikono mapajani, hafanyi lolote, na dobi alisema hajawahi kumwona hivyo.

Mzee Tanuri hakutikisika. Macho yalikuwa yamefumbwa. Pua haikucheza, vidole havikusukuma shuka. Binti alikuwa akimtazama vidole, akingoja vianze, na vidole vilikuwa vimelala tu juu ya vyake kama vya mtu mwingine.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Mkate huo. Wausikia?"

Fundi alimtazama dada yake. Bi Stoo alitazama saa. Dakika kumi na mbili zimepita. Akatazama kile kioo cheusi. Ndani ya oveni ile ngeni kulikuwa kukitokea nini? Labda moto umezimika upande mmoja. Labda inayonukia ni ile ya mbele tu. Pengine ndiyo sababu, pengine harufu haijakamilika, na mtu aliyeoka miaka arobaini na saba pua yake haidanganyiki na nusu harufu. Alijua kwamba oveni haifunguliwi kabla ya dakika ishirini, mkate usije ukabonyea. Hilo alifundishwa na Fundi mwenyewe, tena kwa kupigwa mkono. Alijikaza, akashika kiuno, akakiachia. Kisha akachukua kitambaa, akakishika kishikio, akaufungua mlango wa oveni kiasi cha upana wa kiganja, achungulie tu, ajue.

Joto lilimpiga usoni, na pamoja nalo harufu ya hamira mbichi, nzito, yenye ukali. Mikate minne ilikuwa imepanda juu ya vyombo vyake, myeupe bado, inatetemeka. Akiwa anaitazama, wa mbele ukabonyea katikati polepole.

"Nani kafungua?"

Bi Stoo alidhani ni mlinzi. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu mwenye vumbi kooni. Akageuka akiwa tayari kumjibu mlinzi kwamba haya hayamhusu.

Mzee Tanuri alikuwa amefumbua macho. Hakumtazama mtu. Alitazama dari, na uso wake wote ulikuwa na hasira, hasira nzima, ya mtu mwenye kazi yake.

"Nauliza. Nani kafungua tanuri?"

Fundi aliufunika mdomo kwa mkono. Muuguzi mkuu akainuka kwenye kiti chake. Bi Stoo alivuta pumzi ili akiri, kwa maana katika maisha yake yote ya stoo hakuwahi kumwachia mtu mwingine kosa lake, lakini aliyesema si yeye.

"Ni mimi, Baba," alisema binti.

Mzee alikigeuza kichwa kwenye mto, taratibu, mpaka akampata.

"Wewe tena."

"Mimi tena, Baba."

"Mara ngapi nimekwambia?"

"Mara nyingi." Machozi yalikuwa yakimtoka binti mpaka kidevuni, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa imeushika wa baba yake. "Umeniambia mara nyingi sana."

"Mkate unakaa, unabonyea. Umekuwa taka sasa. Nitamuuzia nani mkate umekaa?"

"Hakuna, Baba."

"Kichwa kigumu. Kama cha mama yako. Funga."

Bi Stoo aliufunga mlango kwa haraka kuliko alivyowahi kufunga kitu chochote.

"Nimefunga, Baba."

"Toka hapo chini ya meza. Utaungua, halafu mama yako anigombeze mimi."

"Natoka."

Mzee alipumua kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka. Hasira ilikuwa inamwisha usoni, kope zikaanza kurudi chini, na mkono aliokuwa ameukaza ukalegea kidole kimoja kimoja. Binti aliuona ukilegea. Akamwita, "Baba." Akamwita tena. Hakujibiwa.

Aliinua kichwa, akamtazama Bi Stoo, na kwa kidevu akamwonyesha oveni.

Bi Stoo alifahamu. Ndani mlikuwa na mikate minne iliyoahidiwa, wa mbele umeshaharibika na mitatu ambayo bado ingeweza kusimama, na ng'ambo ya mji walikuwapo watu walioketi na siagi yao wakingoja saa nane. Fundi naye alifahamu, kwa sababu ndiye aliyempa kitambaa.

Alikishika kishikio, akaufungua mlango wote.